Runinga ya mpira na kioo cha kompyuta

Wasomaji wangu, samahanini kwa ukimya. Niliahidi kurudi hapa Jumatatu, Jumatatu ikapita, na iliyofuata nayo ikapita. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nyumbani Mabamba, wilaya ya Kibondo, kwenye vilima vile ambavyo ukungu wa asubuhi ukishaondoka unaitazama Burundi kama mtu anavyotazama shamba la jirani. Nilikwenda kumsalimia bibi, na kwenye begi nilikuwa na makala moja ya kumalizia ambayo mhariri aliitaka Ijumaa.

Basi bwana, mvua ilikuwa imenyesha. Wanaoifahamu njia ya kwetu wakati wa masika hawahitaji maelezo. Pikipiki iliteleza, dereva akaruka upande wake, mimi na begi upande wetu. Mimi nilichubuka goti. Laptopu ilipata zaidi. Kioo kilipasuka kona hadi kona na ule wino mweusi ukatapakaa karibu nusu yake. Lakini nikiiwasha, feni inavuma, taa inawaka, na kile kimlio cha kuanza kinasikika. Mashine nzima, macho yamepofuka.

Kurudi Kibondo mjini kutafuta fundi ingenigharimu siku, na hata ningempata, kioo chenyewe kingeagizwa Mwanza au Dar. Ilikuwa Jumatano mchana. Ndipo nikakumbuka kwamba mjomba wangu ana banda.

Mnayajua mabanda haya, hata ninyi wa mjini mnaojifanya mmeyasahau. Mabati, mabenchi, pazia zito mlangoni, na runinga juu ya kabati. Simba na Yanga zikicheza, watu wanachungulia hadi kwenye matundu ya misumari. Mjomba ana paneli za jua juu ya paa na jenereta ya akiba kwa mechi za usiku, na mwaka jana alijipinda akanunua runinga ya inchi 43. Boksi lake bado analo, limekaa pembeni kama cheti cha ndoa, limeandikwa 4K kwa herufi za dhahabu. Nikamwomba aniazime kioo chake kwa saa mbili. Akacheka, akakubali.

Nikachomoa waya wa HDMI kwenye king'amuzi, nikauchomeka kwenye laptopu. Kimya. Hapa niwape la kwanza, maana yeyote anayepasuliwa kioo atalihitaji. Kompyuta haijui kwamba kioo chake kimekufa, inaendelea kukitumia kama kawaida. Kwenye Windows unashikilia ile kitufe yenye alama ya dirisha, unagonga P mara kadhaa, kisha Enter, hadi picha ihamie nje. Mara ya tatu ikahamia. Banda zima likasema "aaa!"

Halafu "aaa" ile ikafifia, kwa sababu picha ilikuwa mbovu. Saa ya pembeni kulia haionekani. Alama za chini zimekatwa viuno. Herufi zina kivuli cheupe, kama karatasi iliyoloa maji ikaanikwa. Maandishi mekundu ndiyo usiseme. Runinga ambayo jana yake ilionyesha jasho kwenye shingo ya mchezaji inashindwa kuonyesha herufi "a" vizuri! Mjomba akaitazama, akatikisa kichwa, akatoa hukumu.

"Mpwa wangu, hii nilinunua ya mpira. Kompyuta ina kioo chake."

Na wote waliokuwa kwenye benchi wakaitikia. Nami nilitaka kuitikia. Leo naandika kuipinga sentensi hiyo, kwa heshima zote kwa mjomba wangu, kwa sababu nimeshaisikia kwa watu wenye digrii na kwenye ofisi zenye viyoyozi, na inatugharimu.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Zile runinga za zamani zenye mgongo mnene hazikuweza kuchora picha kwa usahihi kwenye kingo. Picha ilicheza kidogo, mara ipanuke, mara isinyae, kutegemea umeme na umri wa bomba. Kwa hiyo watengenezaji waliikuza picha kidogo ili kingo zake zifichwe na fremu, na watu wa vituo vya runinga wakazoea kutoweka jambo la maana pembezoni. Mgongo mnene ukaondoka, runinga zikawa bapa na sahihi hadi kwenye ukingo, lakini tabia ikabaki. Runinga nyingi bado zinaikuza picha kwa asilimia chache bila kukuuliza. Ukitazama mpira hupotezi kitu, labda kipande cha nyasi. Ukileta kompyuta unapoteza saa na alama zote za chini. Na tena, kwa kuwa picha imevutwa, nukta moja iliyotumwa na kompyuta haiangukii tena kwenye nukta moja ya kioo. Inaangukia moja na kidogo hivi, runinga inakisia zilizobaki, na kukisia huko ndiko tunakokuona kama herufi zilizoloa. Magonjwa mawili, mdudu mmoja.

Dawa yake ni kitufe. Kwenye menyu ya picha, sehemu ya ukubwa wa skrini, kuna chaguo la kuiambia runinga iache kuvuta. Kwenye LG limekuwa likiitwa "Just Scan", Samsung "Screen Fit" au "Fit to Screen", Sony "Full Pixel". Ya mjomba ni ya kampuni ambayo jina lake sijaliona pengine popote, menyu yake haina Kiswahili, na kitufe chenyewe kilikuwa kimejificha mlango wa tatu ndani, kimeandikwa "Dot by Dot". Mjomba alishapita hapo mara nyingi akitafuta sauti. Angejuaje kwamba maneno hayo matatu ndiyo tofauti kati ya runinga ya mpira na kioo cha kompyuta?

Nikabonyeza. Picha ikasinyaa kidogo, kingo zikarudi, saa ikatokea (saa nane na robo, na mhariri alikuwa ameshapiga mara mbili).

Bado kishale cha mausi kilikuwa kinasuasua, kinafika baada ya mkono. Hapo kosa lilikuwa langu. Niliona 4K nikapata tamaa, nikaiambia laptopu itume nukta zote 3840 kwa 2160. Laptopu yangu ni ya zamani, HDMI yake ni ya toleo la 1.4, na toleo hilo likibeba picha kubwa namna hiyo linaishia picha 30 kwa sekunde. Toleo la 2.0, lililotoka mwaka 2013, ndilo linalofikisha 60. Nikashusha hadi 1920 kwa 1080 kwa mara 60, kishale kikachangamka. Na sikupoteza sana, kwa sababu hesabu inakubali: 3840 ni 1920 mara mbili, 2160 ni 1080 mara mbili, kwa hiyo kila nukta ya kompyuta inakaa juu ya nukta nne za kioo bila mabaki. Jaribu kutuma 1366 kwa 768, ukubwa wa laptopu nyingi za bei nafuu, uone. Haigawanyiki, na herufi zinaloa upya. Wengi wanaishia hapo hapo, kwa sababu laptopu ikichomekwa kwa kawaida huanza kwa kuonyesha picha ile ile pande zote mbili, na mara nyingi huchukua ukubwa wa kioo chake kidogo.

Yale maandishi mekundu je? Picha ya video hubana rangi ili isafiri kwa wepesi. Mwanga unatumwa kwa kila nukta, rangi inatumwa moja kwa nukta nne zinazogawana. Jicho halioni tofauti kwenye sura ya mtu, ila kwenye mstari mwembamba mwekundu linaona mara moja. Runinga nyingi huacha kubana zikiambiwa kwamba kilichochomekwa ni kompyuta, na namna ya kuziambia ni ya kuchekesha: unakwenda kwenye orodha ya matundu ya nyuma, unalibadilisha jina tundu lako kuwa "PC". Jina tu! Mimi niliona kama uganga. Na ukiwa huko, punguza kile wanachokiita ukali wa picha. Hakiongezi ukali wowote, kinachora tu mstari mweupe kuzunguka kila kitu, na kile kivuli cha herufi kilikuwa hicho.

Saa tisa kasoro nilikuwa naandika. Nilikaa mita moja na nusu kutoka kwenye kioo, nimekuza maandishi hadi asilimia 150, bibi kaniletea muhogo. Sijawahi kuwa na ofisi nzuri kama ile.

Sasa turudi kwenye hukumu ya mjomba. Kwa nini tunaamini kwamba kompyuta ina kioo chake, kitu tofauti, kitakatifu? Nimelifikiria hili, na nadhani sababu ipo kwenye historia yetu. Mwaka 1982 zilitoka ZX Spectrum kule Uingereza na Commodore 64 kule Marekani. Zilikuwa kibodi yenye kompyuta ndani. Kioo? Ulichomeka kwenye runinga ya sebuleni, tundu la antena. Watoto walijifunza kuandika programu wakiwa wamekaa kwenye zulia, na baba akitaka taarifa ya habari wanafukuzwa. Kwa kizazi kile runinga na kompyuta vilikuwa ndugu tangu siku ya kwanza.

Sisi Tanzania Bara mwaka 1982 hatukuwa na kituo cha runinga hata kimoja. Zanzibar walishawasha yao, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kenya na Uganda walishaanza miaka ya 1960. Bara tulisubiri hadi 1994. Na kompyuta nazo serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini mwaka 1974, marufuku iliyokuja kulegezwa taratibu baadaye. Silaumu, waliotunga sera ile walikuwa na sababu zao, na fedha za kigeni zilikuwa za kuhesabu. Ninachosema ni kwamba runinga na kompyuta viliingia kwetu kwa milango tofauti. Runinga iliingia na muziki na mpira, ikakaa sebuleni na bandani. Kompyuta (tarakilishi, ngamizi, chagueni jina, mimi nimechoka kugombana) iliingia na ofisi, ikiwa seti kamili: boksi, kioo, kibodi, mausi, na kitambaa cha kuifunika vumbi. Ikikosa kimoja tunaiona maiti.

Na maiti hizo ninazijua. Rafiki yangu anafundisha sekondari huko huko nyanda za juu za Kigoma. Wilaya na jina la shule naviweka kapuni. Wana maboksi sita ya kompyuta yaliyotolewa msaada zamani, na yote yanawaka. Vioo vinavyowaka ni viwili. Manne yamepangwa stoo chini ya magunia ya mahindi, na ukiuliza unaambiwa "tunasubiri vioo". Wamesubiri vidato viwili. Ofisi ya walimu, mlango wa pili kutoka stoo, ina runinga ya inchi 32 ukutani, inawashwa saa mbili usiku kwa taarifa ya habari. Kutwa nzima inatazama meza.

Nilimpigia nikiwa bado kwenye banda, kwa furaha ya mtu aliyegundua Amerika. Akaniambia taratibu kwamba walijaribu. Maboksi yale yana tundu la VGA, lile la buluu lenye vishimo 15, na runinga yao ina HDMI peke yake. Walichanga wakanunua waya, upande mmoja VGA, upande mwingine HDMI. Haukufanya kazi. Wakahitimisha kwamba runinga haifai.

Jamani, waya ule usingefanya kazi hata kwenye runinga ya ikulu. VGA inatuma mawimbi ya umeme yanayopanda na kushuka, HDMI inatuma tarakimu. Ni kama kumpa mtu anayejua Kiha tu kitabu cha Kichina na kumwambia asogeze karibu na taa. Anahitajika mkalimani katikati, kiboksi kidogo chenye chipu ndani, ambacho mara nyingi huchomekwa USB kipate umeme. Na lazima kiwe cha kutoka VGA kwenda HDMI. Cha kinyume chake kinafanana nacho sura na hakitasaidia kitu. Nyaya tupu za aina ile zinauzwa kila mahali, na muuzaji mara nyingi hajui. Mimi mwenyewe nimewahi kununua moja mjini, kwa hiyo sicheki mtu.

Halafu kuna jambo la inchi 32. Nyingi za bei ya chini zina nukta 1366 kwa 768 tu, hata kama zinapokea picha kubwa zaidi. Ukizitumia 1920 kwa 1080 zinaibana na herufi zinachakaa. Mpe 1360 kwa 768, au 1280 kwa 720. Na kabla ya kununua chochote, geuza runinga uangalie mgongo wake. Kama ni ya miaka ya nyuma, huenda lile tundu la buluu lipo, na mkalimani hahitajiki.

Najua nitakachoambiwa. Kwamba darasa la watu 40 mbele ya runinga moja si darasa la kompyuta, ni banda la video lenye mwalimu. Kweli. Mtoto hajifunzi kuchapa kwa kumtazama mwenzake akichapa. Lakini boksi lililo chini ya gunia halimfundishi hata mmoja. Na umeme? Hilo ndilo pingamizi lenye uzito zaidi. Kioo cha kawaida cha kompyuta cha inchi 22 kinakula wati kama 20 hadi 25. Inchi 43 ya mjomba inakula karibu 80 hadi 100. Kasulu na Kibondo ziliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022 baada ya miaka mingi ya jenereta za dizeli, ila aliye kwenye paneli kama mjomba anahesabu kila wati. Ukipunguza mwanga wa nyuma wa kioo unaokoa sehemu kubwa, na macho yanashukuru pia. Kama una fedha mkononi na unanunua kipya kwa ajili ya kuandika tu, nunua kioo cha kompyuta, sitakubishia. Mimi nazungumzia runinga ambayo tayari ipo, imeshalipiwa, inatazama meza.

Kinachonikera ni kwamba kikwazo chenyewe ni kidogo mno. Si fedha, si mradi, si semina ya siku tatu yenye posho. Ni maneno matatu ya Kiingereza mlango wa tatu wa menyu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, tangu mwaka 2004, kwa hiyo tusiambiane kwamba lugha yetu haiwezi kubeba mambo haya. Sisi tulioko mijini, tuliosoma, tunaoandika, tunajua vitufe hivi au tunaweza kuvitafuta kwa dakika tano. Tunaviweka kichwani. Mimi nimeandika habari ngapi za "uhaba wa vifaa vya TEHAMA vijijini"? Nimeandika nyingi, na hakuna hata moja niliyouliza kama ofisi ya walimu ina runinga.

Makala ilifika kwa mhariri Ijumaa asubuhi, kwa bando la simu. Nilipokuwa nafunga begi, kijana mmoja aliyekuwa ameshinda bandani siku zote mbili akaniuliza kama anaweza kuitumia kwanza. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na alitaka kuipitia fomu yake ya maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo, ambayo alikuwa anaihangaikia kwenye simu ndogo yenye kioo cha vidole viwili. Tukaifungua. Kasoro ya runinga kubwa ikajitokeza hapo hapo: benchi zima likawa linamsomea kwa sauti, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, mpaka mjomba akawatoa wote nje kwa ufagio. Kijana akaona makosa mawili ambayo kwenye simu hakuyaona, jina lake la kati lilikuwa limepungua herufi moja na halifanani na cheti. Akarekebisha.

Saa kumi kulikuwa na mechi. Mjomba akarudisha waya kwenye king'amuzi mwenyewe, halafu akaniita, akatoa daftari la madeni na kalamu, akanitaka nimtajie hatua zote tangu mwanzo, polepole. Akaandika kwa Kiswahili chake. Kisha akakata vipande viwili vya plasta ya kidonda iliyobaki kwenye goti langu, akavibandika nyuma ya runinga pembeni ya matundu mawili. Kimoja akaandika MPIRA. Kingine akaandika KOMPYUTA, na chini yake, kwa herufi ndogo, bei kwa saa.